Msimu wa Kuchunga Macho

Jumamosi, 1 Machi

Daftari hili lilikuwa la Amoit, mjukuu wangu. Aliandika kurasa nne za hesabu akaliacha, nami sipendi karatasi itupwe. Jumatano tunaanza Kwaresima, na katekista wetu Paulinus alituambia kwenye jumuiya kila mtu ajitafutie jambo moja la kumfanyia Mungu. Wengine wameacha soda. Mimi nimesema nitaandika, hata mistari miwili, yale ninayoyaona nyumbani kwangu. Niliishia darasa la saba, kwa hivyo anayesoma anisamehe herufi.

Mimi ni Roselida, mshonaji wa sare za shule hapa Malaba. Mlango wangu unatazama barabara ya mpakani, na malori yako hapo usiku na mchana, yamepanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Naishi na wajukuu wawili, watoto wa binti yangu Quinter anayefanya kazi Nairobi. Amoit ana miaka kumi, yuko gredi ya tano. Ajiko ana sita. Kwa sababu ya hayo malori, hawachezi nje. Wakitoka shule ni ndani, mlango unafungwa. Amoit hukaa karibu nami na kitabu chake, na uzi ukikatika ananitungia sindano, maana macho yangu ya miaka hamsini na moja hayaoni tundu tena. Yeye huileta sindano karibu na pua, mara moja tu, uzi umepita. Majirani husema nina mtoto mtulivu. Ni kweli, nashukuru.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimepakwa majivu na aibu pamoja. Baada ya Misa Paulinus aliniita kando.

"Mama Quinter, huyu Amoit unamlea namna gani? Mara tatu amenipita hapo barabarani. Mimi niko upande huu, yeye upande ule, ananiangalia usoni, anapita. Hata 'yoga' hakuna."

Kwetu Waiteso, mtoto akimpita mtu mzima bila kumwambia yoga, salamu yetu, amemtukana yeye na kuwatukana waliomzaa. Akurut, jirani yangu anayewauzia madereva chai, alikuwa nyuma yetu na masikio yake marefu.

"Wacheni mtoto," akasema. "Huyo ni wa Nairobi kama mamake. Siku hizi salamu zinatumwa kwa simu."

Watu wakacheka. Nimefika nyumbani nimempa Amoit adhabu ya Kwaresima nzima: hata Jumamosi hatoki. Atakaa nami akishona vifungo na kukunja pindo mpaka heshima imwingie. Hakulia. Alisema tu, "Tata, sikuwa nimemwona." Tata ndiyo nyanya, kwa Kiteso. Nikamwambia uongo wa Kwaresima una uzito mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Sketi kumi na nane, pindo zote za mkono wa Amoit. Jua kali, vumbi la malori mpaka kwenye chumvi.

Alhamisi, 13 Machi

Watu wa afya walikuja shuleni kupima macho. Amoit amepita. Nikamwambia, unaona sasa, macho ni mazima, kilichobaki ni adabu.

Jumamosi, 15 Machi

Mungu wangu, nisamehe. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilienda sokoni asubuhi kununua vifungo. Niliporudi nikamwona Amoit amesimama kwenye kona ya nyumba na ndoo ya maji, ananitazama. Nilikuwa nimevaa kitambaa changu cha buluu cha Wanawake Wakatoliki, ambacho anakijua tangu azaliwe. Nikampungia mkono. Akanitazama. Nikatabasamu. Akageuka na ndoo yake, akaondoka kama mtu aliyeona nguzo ya stima.

Nilikwenda na hasira ya miguu yote miwili, mkono tayari. Nilipofika karibu, hatua nne hivi, uso wake ukafunguka kama dirisha. "Ai, Tata! Kumbe ni wewe!"

"Ulidhani ni nani?"

"Nilidhani ni mtu."

Mkono wangu ulishuka wenyewe. Mtu. Si mtu anayejulikana, ni mtu tu, kitu kilichosimama. Nikamketisha kwenye kizingiti. Nikamwuliza lile lori la pale mbele ni la rangi gani. Akauliza, "Lile linalonguruma?" Nikamwambia aniambie namba yake. Akasema malori yana namba? Nikamwuliza huwa anajuaje kuwa ni mimi ninayekuja. Akasema ananijua kwa mwendo, kwamba mguu wangu wa kulia unaburuza kidogo, na leo kulikuwa na kelele za injini.

"Na Mwamba wa Tororo?" nikamwuliza. Ule mwamba uko upande wa Uganda, umesimama peke yake kama jino, hakuna mtu wa Malaba asiyeufungulia macho kila siku.

"Huo sijawahi kuuona, Tata. Nilidhani ni kama mbinguni. Watu wazima wanaonyesha na kidole, na wewe unaamini."

Nikamwuliza alipitaje kipimo cha shule. Akainamisha kichwa. Kwenye karatasi ile herufi zinaelekea huku na huku, na mtoto anaonyesha kwa mkono miguu ya herufi iko upande gani. Yeye alikuwa wa kumi na tatu kwenye mstari. Aliwatazama mikono wale waliomtangulia, waliokuwa karibu, akashika mfuatano wote kichwani kama litania. Aliogopa angeanguka mtihani.

Na mimi nimemfungia ndani siku kumi, na sindano puani, kwa kosa la kutosalimia watu asiowaona.

Jumamosi, 22 Machi

Tumetoka Busia. Nimewapeleka wote wawili kwa daktari wa macho.

Kliniki ni ndogo, juu ya duka la mbegu. Daktari wa macho ni msichana wa kutoka Marachi, anaitwa Edinah. Alimweka Amoit kwenye mashine, akabadilisha vioo, akaandika: toa mbili na robo tatu, macho yote mawili. Nikamwambia, daktari, mimi ni mshonaji, hesabu zangu ni za inchi. Akacheka, akavuta kiti.

"Basi Mama, tuongee kishonaji. Ukimshonea mtoto suruali, unafanya nini na miguu yake?"

"Naacha pindo refu ndani, kwa sababu atarefuka."

"Mungu naye ameacha pindo. Mtoto anazaliwa na jicho fupi lenye akiba, na akikua linarefuka pole pole mpaka linatosha. Huyu wako amefungua pindo lote mapema na bado jicho linaendelea. Limekuwa refu mno. Picha ya kitu cha mbali inaishia njiani, haifiki ukuta wa nyuma. Na jicho likirefuka, Mama, halikunjwi tena."

Nikamwuliza nini kilifungua hilo pindo. Akaniuliza maswali: baba alivaa miwani? Ndiyo, marehemu alivaa. Mtoto anacheza nje? Hapana. Anasoma kitabu umbali gani? Nikaonyesha kwa mkono. Anafanya nini jioni? Amoit akajibu kwa furaha yake yote, "Namtungia Tata uzi!"

Edinah hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema haya mambo yana sababu nyingi, nyingine ni za damu, hakuna awezaye kusema sindano ndiyo iliyofanya. Lakini kinachojulikana ni kwamba mwanga wa mchana, ule wa nje, unaliambia jicho la mtoto lisikimbie kurefuka. Masaa mawili kwa siku.

Nikasema, mwanga unaongea na jicho?

"Ni kama unaongea nalo. Hata waliosoma kuliko mimi bado wanachunguza namna gani."

Nimeishi miaka hamsini na moja chini ya jua la Mungu nikidhani kazi yake ni kukausha mahindi na kutuchoma. Kumbe asubuhi zote hizo lilikuwa linaingia machoni mwa watoto, likiwaambia, tosha, simama hapo. Nilifanya ishara ya msalaba palepale kwenye kiti.

Kisha alimpima Ajiko, na hapo ndipo nilipoogopa. Ajiko anaona vizuri, lakini akiba yake imebaki kidogo sana kwa mtoto wa miaka sita. "Huyu ndiye wa kuwahiwa," Edinah alisema. "Kwa mdogo, jua la nje ni kinga hasa. Kwa mkubwa linasaidia kiasi, ila hatuwezi kurudisha kilichokwenda. Tunataka tu kisiende mbali. Namba ikipanda sana, akiwa mtu mzima ngozi ya nyuma ya jicho inaweza kuwa nyembamba kama kitambaa kilichovutwa, na kitambaa kama hicho huchanika."

Akatupa masharti. Miwani ivaliwe kutwa, na ni uongo kwamba miwani inaharibu macho. Kitabu kikae mbali: ngumi kwenye kidevu, kiwiko kwenye ukurasa. Kila nusu saa mtoto ainue macho atazame mbali. Na nje, masaa mawili. Turudi mwisho wa Juni. Akikuta namba imeongezeka nusu, tutaanza matone ya kila jioni, ambayo yanaagizwa kutoka mbali. Akaniambia na mimi nichukue miwani ya kuonea karibu. Nikamwambia tuanze na watoto, mimi mzee ninaweza kungoja.

Kabla hatujaondoka alimvalisha Amoit ile fremu nzito ya kupimia, akamsimamisha mlangoni. Mtoto aligeuza kichwa pole pole, upande hadi upande. Akasema, "Mabati yana mistari." Akasema, "Yule mama anacheka na hatoi sauti." Kisha akanigeukia, akanitazama kutoka huko mlangoni.

"Tata, kumbe una mikunjo!"

Jumatatu, 24 Machi

Masaa mawili nje, wapi? Mlangoni kuna trela. Nyuma kuna mtaro. Nimekwenda kumwomba Paulinus kiwanja cha kanisa, kina ua na lango. Amekataa. Nyasi ni mpya, na watoto watagonga sanamu ya Mama Maria na mpira. "Kanisa si uwanja, Mama Quinter." Na jicho lake lilisema pia, hasa kwa huyo mtoto wako.

Jumamosi, 29 Machi

Miwani imekuja. Fremu nyekundu, amechagua mwenyewe. Tulitoka kutafuta Mwamba wa Tororo, lakini angani kuna ukungu wa vumbi, huko ng'ambo hakuna kitu, ni weupe tu. Nikamwonyesha kwa kidole mahali ulipo. "Naamini, Tata," akasema, akicheka.

Tukiwa njiani, Paulinus alitokea mbali sana, upande wa pili wa barabara, na baiskeli yake. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia. Amoit aliniponyoka, akangoja malori yatoe nafasi, akavuka, akapiga magoti vumbini, akamwita Papa, yaani baba kwa Kiteso.

"Yoga, Papa Paulinus! Una kovu hapa juu ya jicho."

"Nani amekuvalisha hivyo vioo?"

"Daktari. Nilikuwa sikuoni, Papa. Nilikuwa nasikia tu baiskeli."

Paulinus alishika usukani wa baiskeli akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaniangalia tena. Akaenda zake, akisukuma, hakupanda.

Jumatatu, 31 Machi

Saa kumi jioni Paulinus amekuja na ufunguo wa lango la kanisa, umefungwa kwenye kipande cha rozari iliyokatika. "Nilimsengenya mtoto mbele ya watu siku ya Majivu," akasema. "Chukua. Nyasi zitaota tena."

Jumanne, 8 Aprili

Shule zimefungwa, na mvua imefunguka. Tangu jana haijakata. Kiwanja ni bwawa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimempigia Edinah simu kuuliza kama siku za mawingu zinahesabiwa. Akasema ana kitu cha kupima mwanga kwenye simu yake, ngoja. Ndani ya kliniki na taa imewashwa, ni mia moja na themanini. Nikamsikia akifungua mlango. "Nje, Mama, na mawingu haya meusi ya Busia: elfu tisa."

Nilimwomba arudie. Nikaenda mlangoni nikatazama lile wingu nililokuwa nalilaumu siku mbili. Jeusi kama sufuria, na nyuma yake Mungu amebeba taa hamsini za nyumba yangu na hajasema neno.

Tulichukua mwavuli mmoja wa watu watatu tukatoka. Akurut alikuwa kibandani kwake na madereva.

"Roselida! Unapeleka wapi hao watoto kwenye mvua?"

"Nachunga macho."

"Anachunga macho!" akawaambia madereva. "Mwaka jana alikuwa anachunga mbuzi kama sisi wote. Na yakishiba yanakamuliwa?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Hata mimi nilicheka. Lakini tulizunguka kanisa mara kumi na mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua, kisha jua, kisha mvua. Nimehamishia cherehani barazani kwa kanisa. Ajiko amejifunza kuruka kamba.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Amefufuka kweli.

Usiku kucha mvua ilipiga mabati, na alfajiri ikakata kama imeambiwa. Tulitoka Misa ya kwanza jua likiwa mgongoni mwetu, hewa imeoshwa, kila jani lina maji yake. Watu walikuwa wanasalimiana na kupeana mikono. Mimi nilikuwa namtafuta Ajiko. Nikahisi kitambaa changu kinavutwa.

"Tata. Ni nini ile?"

Amoit hakuonyesha kwa kidole. Mikono yake ilikuwa imeshika fremu ya miwani pande zote mbili, kama mtu anayezuia mlango usifungwe na upepo. Nikatazama. Ng'ambo ya malori, ng'ambo ya mpaka, Mwamba ulikuwa umesimama wote, kuanzia miguuni hadi kichwani, jua limeupiga usoni, mipasuko yake inahesabika.

"Ndio huo," nikasema.

"Ni mkubwa hivi? Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia, mama."

"Mlisema uko. Hamkusema uko hivi."

Watu walipita, wakatuambia Pasaka njema, hatukujibu hata mmoja. Leo mimi ndiye niliyekuwa bila salamu. Nimeutazama ule Mwamba maisha yangu yote kama mtu anavyotazama kisigino chake. Leo niliuona kwa mara ya kwanza, pamoja na mtoto. Machozi yalinishuka, na sikuyafuta, kwa sababu sikutaka kusogeza mkono.

Amoit akaachia fremu ya miwani. "Basi Tata," akasema polepole, kama anayemaliza hesabu, "hata mbinguni kumbe iko."

Alhamisi, 24 Aprili

Shule zinafunguliwa Jumatatu, na wazazi wote wa Malaba wamekumbuka sare leo. Mashati arobaini. Mvua tena.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika kwa aibu. Jana na leo nimemwita Amoit ndani. Sindano zilinishinda, uzi ulikuwa unapita kando ya tundu mara kumi, na watu wamesimama mlangoni. Nilisema ni kidogo tu. Ameshona vifungo tangu asubuhi hadi taa ikawashwa. Ajiko naye amekaa chini ya meza akichora, pua kwenye karatasi. Ufunguo wa kanisa umening'inia kwenye msumari mbele yangu kutwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza.

Jumamosi, 26 Aprili

Mashati yamekwisha. Saa tisa tulifika kiwanjani. Nikamwambia Ajiko, kwa mchezo tu, nisomee namba iliyoandikwa kwenye tangi la maji la Padre. Akakunja macho. Akayafanya membamba kama anayetazama moto, shingo mbele.

Nikakaa kwenye nyasi mpya za Paulinus.

Inawezekana ni jua. Inawezekana ni uchovu. Edinah kwenye simu ameniambia nisihukumu kwa siku moja, nimtazame. Lakini mimi najua nilichofanya: niliambiwa hili jambo waziwazi, kwa lugha ya kazi yangu mwenyewe, na mteja wa kwanza aliposimama mlangoni nikachukua jicho la mtoto nikalitumia kama chombo changu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda kwa Akurut asubuhi kabla ya Misa, nikamwomba msaada. Nilijiandaa kuchekwa. Ana miaka thelathini, macho yake yanaona hadi senti iliyoanguka chini ya trela. Akafuta mikono.

"Leta hizo sindano."

Ametunga ishirini, kila moja na uzi wake, akazichoma kwenye kitambaa kwa mstari kama askari. Kila asubuhi atanitungia nyingine, na ile ya cherehani pia. Nimemshonea aproni. "Na mimi nichungie macho ya wangu wawili jioni," akasema. "Hapa kibandani wanakula moshi tu." Kwa hivyo sasa ni wanne.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Mara nane kuzunguka kanisa.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Mara nane. Watoto tisa, miavuli mitano. Sijui wengine wametoka wapi.

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu Oduori wa gredi ya tano ameniita leo asubuhi. Ni mtu mzuri, anampenda Amoit. Anataka abaki tuisheni kila siku mpaka saa kumi na mbili jioni, maana ana akili ya kuwa wa kwanza. Miezi miwili iliyopita ningempigia magoti kwa shukrani.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyu mtoto ni wa kwanza kwa kukariri. Alikariri mpaka kipimo cha macho."

Nikamweleza yote, pindo na akiba na elfu tisa. Alisikiliza akigonga kalamu. "Mama, kwa hivyo nimwache acheze, ashindwe?"

"Mwache aone ubao kwanza. Saa kumi na mbili mimi mwenyewe nitamkalisha na kitabu, ngumi kwenye kidevu."

Akakubali, lakini bila furaha. Sijawahi kumkatalia mwalimu neno. Na leo mchana, naambiwa na Amoit, amewatoa darasa lote nje kwa hesabu ya kupima kiwanja. Labda ilikuwa kwenye ratiba. Sikuuliza.

Jumapili, 18 Mei

Mahujaji wanaokwenda Namugongo, kwa mashahidi wa imani huko Uganda, kwa miguu wamepita hapa, na rozari na viatu vilivyokufa. Amoit alipanda kwenye jiwe la langoni akaanza kututangazia kutoka mbali. "Wa mbele ana ndevu, anachechemea mguu wa kushoto. Wa nyuma yake amebeba mtoto. Kuna mama amevaa kitambaa kama chako, Tata." Walipofika alishuka akapiga magoti kwa kila mmoja, yoga, yoga, hata wale wasiojua Kiteso.

"Sasa ataanza kutuchosha na salamu," Paulinus akaniambia.

Alhamisi, 29 Mei

Ajiko amesoma namba ya tangi. Kisha akasoma ya lori. Kisha akaniambia dereva anachokonoa pua.

Jumanne, 10 Juni

Darasani wanamwita Amoit "Bibi Darubini". Nikamwuliza kama inamuuma. "Kidogo," akasema. "Lakini na mimi naona sasa ni nani anayesema."

Ijumaa, 27 Juni

Kesho Busia. Sijala vizuri. Nimewaangalia wakilala, kope zao zimefungwa, na ndani mle kitu kidogo kuliko kete kinakua au hakikui, na mimi mshonaji siwezi kukipima hata kwa tepu. Mtakatifu Lusia, msimamizi wa macho, utuombee.

Jumamosi, 28 Juni

Edinah alipima mara mbili, kisha akapima tena kwa dawa ya kulegeza jicho. Nilishika rozari ndani ya mfuko.

Amoit: jicho la kulia, namba ileile. La kushoto limeongeza robo.

Ajiko: akiba yake iko palepale.

"Miezi mitatu ni mifupi, Mama, sitaki kukudanganya," Edinah alisema. "Robo si sifuri. Lakini matone tutayaweka kando kwanza. Rudini Desemba. Na hayo mnayofanya, msiache hata siku moja."

Robo. Nilitaka kuambiwa limesimama kabisa, nipige vigelegele ngazini. Halafu nikatazama wote wawili wamekaa kwenye benchi, na mboni zimepanuliwa na dawa, nyeusi, kubwa, kama zinataka kumeza chumba. Nikaona kwamba sikupewa ushindi. Nimepewa kazi. Ni ya kila siku, kama kuchota maji, na anayechotesha ni Mungu. Nimeipokea.

Na miwani yangu nimechukua. Safari hii sikubishana.

Jumatatu, 30 Juni

Mvua imekwisha. Watu wanavuna maharagwe. Saa kumi na nusu jioni, barazani kwa kanisa, watoto kumi na wanne kiwanjani.

Nilivaa miwani mpya. Nikachukua sindano, nikachukua uzi. Eh, jamani. Uzi una manyoya! Nyuzi tatu zimesokotana, na tundu ni refu, limeng'arishwa pembeni, mtu fulani kiwandani alifikiria hata hapo. Nikasukuma. Ukapita. Mara ya kwanza baada ya miaka minane. Nikachomoa nikarudia, kwa raha tu. Nikashona kifungo kizima nimeinama, nikisahau kila kitu.

Kisha nikainua macho, miwani bado usoni.

Kiwanja hakikuwepo. Palikuwa na kijani, na juu yake rangi zinazosogea kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Tangi ni doa. Barabara ni mngurumo. Upande wa Mwamba hakuna kitu, weupe tu. Edinah alinionya kwamba miwani hii ni ya karibu, mbali nitaona ukungu, nami nilisikia kwa sikio. Sasa nilikaa ndani yake. Kumbe hapa ndipo alipokuwa akiishi. Miaka mingapi? Alikuwa hapa alipobeba ndoo, alipovuka mbele ya malori, aliposimama kwenye mstari wa Misa. Na akiwa humu, mimi nilimwadhibu.

Doa moja jekundu lilitoka katikati ya rangi, likasimama. Likainua kitu, labda mkono. Mimi nikalitazama tu.

"Tata!" Sauti ilitoka huko, na kicheko ndani yake. "Nakusalimia mara tatu! Mbona hunisalimii?"

Nilitaka kuvua miwani, nikaacha. Nikasimama, uzi umening'inia mkononi, nikanyoosha mikono kuelekea lile doa ambalo sasa lilikuwa linakimbia kuja.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Nilidhani ni mtu."